Foleni ya Sultani wa Tungwaa

Hapo zamani, wakati ambapo mtu akitaka kujua saa alitazama kivuli chake na kivuli hakikumdai chochote, palikuwa na mji wa mawe uitwao Tungwaa. Mji huo ulitawaliwa na Sultani Shee Madi, mtu mwenye tumbo la heshima na masikio yasiyopata kusikia neno "hapana" tangu alipoachishwa ziwa. Basi katika mji huo alitokea mtu mmoja, jina lake Ngwali Machano, ambaye siku hizo alikuwa bado hajazaliwa.

Usishangae. Ngwali alikuwa mtu wa zama zetu hizi, hodari wa kusema na mvivu wa mengine yote. Siku moja alichoka kutafuta kazi, akaenda kukaa kwenye magofu ya kale yaliyo nje ya mji wao, akaegemea ukuta uliobomoka, akasinzia. Alipoamka mgongo wake ulikuwa umelowa chokaa mbichi, na fundi mmoja alikuwa amesimama juu ya kichwa chake akimtukana kwa kuharibu ukuta aliotoka kuupaka sasa hivi. Jinsi jambo hilo linavyowezekana, waulize wenye kuelewa mambo hayo. Kazi yangu mimi ni kusimulia.

Ikawa hana kwao, hana chake, na suruali yake inachekwa na kila anayepita. Aliyemwonea huruma alikuwa mjane mmoja aitwaye Bi Mize, mpishi wa harusi na matanga. Bi Mize alikuwa na sufuria moja ya shaba aliyoachiwa na mama yake, kubwa hata mbuzi mzima alienea humo na bado akapata nafasi ya kujigeuza. Kwa sufuria hiyo alikula, alivaa, na aliheshimiwa. Akampa Ngwali kipembe cha ukumbi alale, na kila baada ya shughuli akamwachia ukoko.

Naye Ngwali akishiba ukoko huanza maneno. "Bi Mize, kwetu sisi lipo sanduku linalogandisha maji yakawa jiwe. Lipo gari linalokwenda bila punda. Na watu huruka angani wameketi, huku wanaletewa chakula."

"Na huko chini hamli?" akauliza Bi Mize. "Maana ukoko wa watu wanne umeumaliza peke yako."

Lakini maneno hayana mlango. Yakatoka uani kwa Bi Mize, yakafika kisimani, na kabla jua halijapinduka yakawa yameketi barazani kwa Sultani. Ngwali akaitwa.

Desturi ya Tungwaa ilikuwa kwamba mtu hampi Sultani mgongo. Ukija mbele yake wakuja umemwelekea, na ukiondoka waondoka kinyumenyume, ukipapasa njia kwa visigino, mpaka uwe umetoka machoni pake. Waliojikwaa wakavunjika mkono walihesabiwa kuwa raia wema. Ngwali hakulijua hilo. Alipoamkia tu akageuka kutazama pambo la ukutani, na askari wakamgeuza upesi kwa kumshika masikio.

"Tumesikia kwenu kuna vitu," akanena Sultani.

"Vipo, Maulana. Vimejaa hata hatuna pa kuviweka."

"Nawe waweza kututengenezea?"

Hapo mtu mwenye akili angesema la. Lakini sinia la nyama lilikuwa likipita wakati huo huo, na moshi wake ukamwingia Ngwali puani ukaenda mpaka kwenye ulimi. "Bila shaka, Maulana," akasema.

Kumbe Ngwali alikuwa ametumia vitu vyote vya zama zake na hakujua kutengeneza hata kimoja. Friji aliifahamu kwa kuifungua na kuifunga. Gari alilijua kwa kulikimbilia. Nawe unayecheka, hebu tuambie kiberiti kinatengenezwaje, tukusikie.

Maana kiberiti ndicho alichoanza nacho. Alichonga vijiti vizuri, akavibandika vichwa vya udongo mwekundu, akavipanga kisandukuni. Vilipendeza mno. Sultani akasugua kimoja, akasugua cha pili, akasugua mpaka kiganja kikatoka malengelenge, na huo ndio moto pekee uliopatikana. Kisha ikaja baiskeli ya mti wa mvule, isiyokuwa na mnyororo kwa kuwa Ngwali hakukumbuka mnyororo ulifungwa wapi. Waziri Taufiki, aliyependa kuonekana wa kwanza katika kila jambo, akapanda juu yake penye mteremko, na meno yake mawili ya mbele hayakuonekana tena.

"Mkate kichwa, Maulana," akasema Waziri, akipuliza maneno penye pengo.

Ngwali alipoona mambo yamefika shingoni, akatoa simu yake. Alikuwa ameizima tangu siku aliyofika, akilifanyia ubahili tone la chaji lililobaki. Akaiwasha, akabonyeza tochi. Sebule za mawe za enzi zile zilikuwa na kiza hata adhuhuri, basi ile nuru nyeupe ilipotoka, watumishi walikimbia, Waziri akajifunika pazia, na Sultani akapiga makofi kama mtoto. Akamnyang'anya simu, akashinda asubuhi nzima akimulika vitu: dari, kucha zake, tundu za pua za Waziri. Kisha simu ikalia kidogo, ikafa.

"Imekuwaje?"

"Imeishiwa chaji, Maulana. Yahitaji umeme."

"Na umeme wapatikana wapi?"

Katika miaka yote ya shule Ngwali alikuwa amekumbuka jambo moja tu, na ingalikuwa heri angalilisahau na hilo. "Hupita ndani ya shaba, Maulana," akasema.

Waziri Taufiki alikuwa mtu wa mashauri, hasa yale yanayowagharimu watu wengine. Akainama, akanena, "Shaba ipo, Maulana. Imejaa majikoni mwa watu."

Basi Sultani akatoa amri. Kila shaba iliyomo mjini, sufuria, sinia, bangili, hata upatu wa ngoma, iletwe katika ghala la uwanjani, ifuliwe iwe nyuzi. Shaba ya jumba la Sultani isiguswe, kwa sababu hiyo, alisema Waziri, ilikuwa shaba ya heshima. Na itakapofika Siku ya Mwaka, sikukuu ya kuingia mwaka mpya, jumba zima liwake kama kile kidude kilivyowaka.

"Nawe Ngwali," akasema Sultani, "safari hii fanya vile vile kama kwenu. Usipunguze hata unywele, wala usizidishe. Ukinipa tena cha bandia, kichwa chako kitakaa juu ya lango kikitazama wapita njia."

Askari wakaingia nyumbani kwa Bi Mize. Sufuria haikupita mlangoni ila kwa kulazwa upande, na Bi Mize akaifuata mpaka njiani, ameishika shikio lake moja, mpaka askari wakambandua vidole. Aliporudi alimkuta Ngwali ameketi ukumbini.

"Mimi nimekupa ukoko," akasema Bi Mize. "Ningalikupa sumu, leo ningalikuwa na sufuria yangu."

"Nisamehe, Bi Mize."

"Nikusamehe nipikie nini? Msamaha unatiwa nazi?" Kisha akakaa kizingitini. "Ile sufuria ina mikono ya mama yangu, mwanangu. Pale penye shikio pamelika kwa kidole chake."

Akaingia ndani, na Ngwali akamsikia analia. Hapo aliona haya, haya ya kweli, ambayo hakuwahi kuiona hata alipokuwa akila bure. Kichwa chake mwenyewe kilikuwa hatarini, naam, lakini kichwa hicho tangu hapo hakikumfaa mtu. Ile sufuria iliwafaa wengi. Harusi zilisimama mji mzima, maana vyungu vya udongo havipiki wali wa mtaa mzima, na bwana harusi mmoja alionekana akizunguka uwanjani na kilemba chake kichwani, akiwauliza watu kama kuna habari.

Wafua shaba waliambiwa waanze kazi mkesha wa Siku ya Mwaka. Ngwali akakaa akajiuliza: katika zama zangu zote, kuna kitu gani ninachokijua chote, ndani na nje, kiasi cha kuweza kukitengeneza hapa bila kukosea? Akafikiri sana. Mara akacheka peke yake, akanyanyuka, akaenda kwa Sultani.

"Maulana, kila kitu ki tayari. Lakini kwetu umeme hautolewi ovyo. Una taratibu zake."

"Taratibu gani?"

"Kwanza, kabla hata waya haujafuliwa, kila mteja hupewa mita yake, chombo cha shaba cha kupokelea umeme. Asiye na chombo ataupokelea wapi? Na mita haiendi kwa mtu, mtu huifuata. Hutolewa katika dirisha, nalo dirisha huwa dogo, na nyuma yake huketi mtu mmoja asiyependa kutazamana na watu. Wateja hujipanga mstari, mmoja nyuma ya mwenziwe. Aliyetangulia kufika hutangulia kuhudumiwa. Mstari huo tunauita foleni, na pasipo foleni, Maulana, kwetu hapana jambo lililopata kutolewa."

"Ajabu," akasema Sultani, aliyekuwa akifurahia kila neno. "Lipo jingine?"

"Moja. Kitu kikishatoka dirishani hakirudishwi. Hilo huandikwa katika kila duka la kwetu, kwa maandishi makubwa kuliko jina la mwenye duka."

Waziri Taufiki akakunja uso. "Na wakubwa wa kwenu? Nao hupanga hiyo foleni?"

Ukiacha hiyo mita ya shaba, Ngwali alikuwa amesema kweli tupu tangu alipoingia. Lakini hapa ilimbidi aseme uongo mmoja, na uongo wenyewe ulikuwa mkubwa kiasi kwamba alikohoa kwanza. "Hupanga," akasema. "Tena wakubwa ndio wasiopenda kabisa kupitishwa mbele ya wenzao."

Mungu amsamehe. Sultani aliyasadiki yote, akamwita kadhi, akaapa mbele yake kwamba mambo yatakwenda kama yaendavyo kwa kina Ngwali, na kitakachotoka dirishani hakitarudishwa, naye atakayevunja taratibu, awaye yote, atakuwa ameuvunja uso wa Sultani.

Ngwali akarudi nyumbani akamnong'oneza Bi Mize. Tungwaa haikuwa na simu, lakini ilikuwa na Bi Mize, na kulipopambazuka mji mzima ulikuwa na habari. Watu wakaja uwanjani jua halijachomoza, wakajipanga mbele ya kidirisha cha ghala. Sultani alikuja baada ya kustaftahi, amebebwa juu ya kiti, na Waziri mbele yake akipaza sauti, "Pisheni! Pisheni!"

"Nyamaza, Taufiki," akasema Sultani. "Wataka kuniharibia umeme?" Akashuka, akaenda kusimama mwisho wa foleni, kifua mbele, kama mtu anayejaribu vazi jipya.

Hapo ndipo ilipozuka taabu ambayo Ngwali mwenyewe hakuitazamia. Aliyepanga foleni huwapa mgongo walio nyuma yake, na aliye nyuma ya wote alikuwa Sultani. Watu wakatazamana kwa hofu. Kisha mmoja akageuka, na wa pili akageuka, na foleni nzima ikageuka ikamwelekea Sultani, ikawa inaliendea dirisha kinyumenyume. Wazee walikanyagana. Mtu aliyeuza samaki alijikuta ameketi juu ya kapu lake. Na hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho, uso kwa uso na Sultani, basi kila mmoja akawa anamsukumia mwenziwe nafasi hiyo, mpaka ikamwangukia Bi Mize.

"Haya, nitasimama mimi," akasema Bi Mize. "Mimi wamekwisha kunichukulia kila kitu."

Basi wakasimama, mtawala na mpishi, wakitazamana kwa umbali wa mkono, na jua likaanza kupanda. Huko mbele Ngwali akafungua dirisha. Akamwuliza mtu wa kwanza jina lake, na jina la baba yake, na la babu yake. Akamwambia angoje kidogo. Akapotea ndani. Akarudi, akamwuliza jina tena. Hatimaye akatoa sinia la shaba, lile lile lililochukuliwa nyumbani kwa mtu huyo, akamkabidhi akisema, "Mita yako hii. Anayefuata!" Baada ya watu wachache akafunga dirisha akaenda kula, akarejea akichokonoa meno. Kwa kweli ilikuwa kazi safi. Mtu yeyote wa zama zetu angaliiona angalitokwa na machozi ya kukumbuka nyumbani.

Sultani hakuwa amepata kusimama muda mrefu hivyo, wala kumtazama raia kwa muda mrefu hivyo. Alitazama juu, akachoka. Akatazama chini, akachoka. Kila alipoyarudisha macho alimkuta Bi Mize.

"Wanitazama nini, mama?" akauliza mwishowe.

"Nitazame wapi, Maulana? Desturi ni yako." Akampima kwa macho. "Umenenepa. Siku ya harusi yako ulikuwa mwembamba, joho likikutambaa mabegani."

"Ulikuwapo?"

"Nilikuwa nyuma, kwenye moshi. Wali ule niliupika mimi."

Uso wa Sultani ukalainika. "Wali ule! Mpaka leo sijala mfano wake. Waambie watumishi wangu ulitia nini."

"Nilitia mchele, nazi na hiliki kama watu wote. Utamu ulikuwa wa sufuria. Sasa imo ghalani humo, inangoja nyundo, ili tundu za pua za Waziri zipate kuonekana vizuri."

Sultani akataka kuyakwepa macho ya mwanamke huyu, asiweze, kwa kuwa nyuma yake Waziri alikuwa amesimama kumlinda, na mbele yake alikuwapo Bi Mize. Jua likampiga utosini. Akamwona Bi Mize anatikisika miguu kwa kusimama, wala hakumwambia aketi, kwa kuwa hakujua kama taratibu za kina Ngwali zinaruhusu.

Ghala likawa linapungua. Kila mtu alitajiwa jina, akachelewa kidogo, akapewa chake, akajitenga kando ya uwanja kinyumenyume amekikumbatia kifuani. Mwisho ikasikika sauti, "Anayefuata!" na Bi Mize akafika dirishani. Sufuria ilikuwa kubwa kuliko dirisha, basi ikabidi Ngwali aitoe kwa mlango, na hilo ndilo jambo pekee alilolifanya siku hiyo kinyume cha taratibu. Akamwekea kichwani. Bi Mize akapeleka kidole penye shikio, akapapasa, akafumba macho.

"Mita yako, Bi Mize," akasema Ngwali taratibu.

Kisha Sultani Shee Madi, jasho likimtiririka, akasogea dirishani. "Sasa mimi," akasema.

Ngwali akatazama ndani ya ghala tupu. Akatazama pembe hii na pembe ile, bila haraka. "Mita zimekwisha," akasema. "Njoo kesho."

Waziri Taufiki akachomoa jambia. "Maulana, tumefanyiwa ujanja! Shaba yote imerudi kwa watu!"

"Maulana," akasema Ngwali, "uliniamuru nisipunguze hata unywele. Naapa kwa kichwa changu, ambacho nakipenda, hivi ndivyo ilivyo kwetu. Mtu huamka alfajiri, husimama mpaka miguu ivimbe, na akifika dirishani huambiwa kimekwisha. Na kama jumba lako lingaliweka shaba yake ghalani, ingalikuwamo ya kukupa."

Sultani akashika ukingo wa dirisha. "Na mtu akiambiwa hivyo kwenu, hufanya nini?"

"Husonya, Maulana. Kisha huenda nyumbani."

"Hakati kichwa cha mtu?"

"Akikikata, kesho atakuta dirisha halina mtu, na huko nyuma yake foleni imekwisha kurefuka."

"Kesho!" akasema Sultani. "Kesho ni Siku ya Mwaka. Kesho utanipa?"

"Kesho ni sikukuu, Maulana," akasema Ngwali. "Kwetu siku za sikukuu dirisha hufungwa."

Kisha tumbo la heshima likaanza kutikisika. Kicheko kilimtoka Sultani kidogo kidogo, halafu kikamshinda, akaketi chini uwanjani palepale, katika vumbi, akicheka hata kilemba kikamdondoka. Watu, walipoona hapana hatari, wakacheka nao, na wengine walicheka zaidi ya ilivyohitajika kwa adabu.

Hata alipofuta machozi, Sultani alimwona Bi Mize. Alikuwa anaondoka kwa desturi, kinyumenyume, na sufuria ile kubwa kichwani, mikono yote miwili juu, akipapasa mawe ya njia kwa visigino vilivyopasuka. Aliteleza, akajishika, akaendelea, macho yake kwa Sultani. Na kicheko kikamkauka Sultani mdomoni. Aliona aibu mbele ya kila mtu, wala hakuweza kuificha.

"Mama," akaita. "Geuka."

Bi Mize akasimama. "Nikupe mgongo, Maulana?"

"Geuka, mama. Utaanguka."

Akageuka. Akatwaa njia ya nyumbani kwa miguu yake ya kawaida, upesi, kwa sababu palikuwa na mabwana harusi wengi wanaongoja kupikiwa. Na walioshika masinia na bangili zao nao wakageuka, mmoja mmoja, wakenda zao. Desturi ile haikurudi tena Tungwaa, na wenye kuvunjika mikono wakapungua sana.

Ngwali akatunukiwa joho la heshima na haki ya kula barazani kwa Sultani maisha yake yote, ingawa mara nyingi alionekana bado kwa Bi Mize akigombania ukoko. Sultani hakudai tena taa wala friji wala ndege. Alisema mambo ya kina Ngwali ni mazuri, ila yanachosha miguu.

Ilibaki nafasi ya Sultani katika foleni, maana alikuwa ameapa mbele ya kadhi na hakupenda kuipoteza. Basi akamwamuru Waziri Taufiki, aliyelitoa lile shauri la majikoni, asimame pale dirishani amshikie nafasi mpaka mita zitakapofika. Hekaya yangu imeishia hapo. Anayetaka zaidi, akapange nyuma ya Waziri.